Nasaha kwa Anayehamia Mji Mdogo wa Kusini mwa Marekani

Katika miaka hii jamaa zetu wengi waishio Marekani, waliotoka Mombasa na Tanga, Bukavu na Uvira, na hata waliolelewa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuvuka bahari, wanaihama miji mikubwa ya kaskazini waliyofikia kwanza na kuelekea miji midogo ya majimbo ya Kusini, wakifuata nyumba za kodi nafuu, kazi za viwandani, majira ya baridi yasiyouma sana, na utulivu wa kulea watoto. Njia wanayoipita ina historia. Tangu miaka ya 1910 hata 1970 Wamarekani weusi wapatao milioni 6 waliyahama majimbo hayohayo, wakikimbia dhuluma na ufukara, wakaenda Chicago, Detroit na New York. Na tangu miaka ya 1970 watoto na wajukuu wao wamekuwa wakirejea Kusini kwa wingi. Mgeni wa leo anafuata njia iliyokwisha kukanyagwa na wengine, na hana sababu ya kuona haya kwa kuuacha mji mkubwa wenye sifa na kwenda katika mji ambao jina lake halijapata kusikika nyumbani kwao.

Wanaojiandaa kwa uhamisho huo hutaka sana kuambiwa habari za nyumba na kazi. Habari ya vyombo huulizwa mwisho, aghalabu usiku wa kuamkia safari, ilhali vyombo ndivyo vinavyomla mtu fedha kimyakimya, mwezi baada ya mwezi, pasipo yeye kujua. Rai yangu naiweka wazi tangu mwanzo ili msomaji aipime kadiri aendavyo: usinunue nyumba katika mji ambao hujakaa majira yake yote, panga nyumba ndogo kwa mwaka mmoja, vile visivyoenea humo, na ambavyo kweli utavihitaji, uviweke katika stoo ya kukodi, iliyo ndogo kadiri iwezekanavyo, na kwa muda uliotiwa tarehe, na vilivyobaki uvigawe kabla hujaondoka.

Nichukue mji mmoja uwe mfano, nao ni Bowling Green katika Kentucky, jimbo ambalo Idara ya Sensa ya Marekani hulihesabu upande wa Kusini. Mji huo una watu zaidi ya 70,000, uko kando ya barabara kuu ya I-65 kati ya Louisville na Nashville, una chuo kikuu, na una kiwanda kinachounda magari ya Corvette tangu mwaka 1981. Wakimbizi wa Bosnia walipokelewa hapo kwa maelfu katika miaka ya 1990, na baada yao wakaja Wakongo, hata leo kukisikia Kiswahili dukani au katika uwanja wa shule si jambo la kumshangaza mtu. Aliyetoka Chicago atauona mji huo mdogo. Walakini aliyekusudia vijiji na vitongoji vinavyouzunguka atatambua upesi kuwa huo ndio mji wake mkubwa, wenye hospitali, ofisi za serikali, na stoo.

Stoo ninazozisema ni vyumba vitupu vinavyopangishwa kwa mwezi, ambamo mwenye mali hutia vyombo vyake, akafunga kwa kufuli lake mwenyewe, akaondoka na ufunguo. Biashara hiyo si kongwe, kwani kampuni ya Public Storage, iliyo miongoni mwa kubwa kabisa, ilianza California mwaka 1972. Lakini imeenea kiasi cha kuwa ni nadra kuupita mji wa Kusini, hata ule wenye taa moja tu ya kuongoza magari, usione kandokando ya njia safu za milango ya bati iliyopakwa rangi moja. Vyumba hupimwa kwa futi. Kile cha 5 kwa 5 hakizidi kabati kubwa. Cha 5 kwa 10 hutosha vyombo vya chumba kimoja. Cha 10 kwa 10, yaani takriban mita tatu kila upande, humeza samani za nyumba ya chumba kimoja au viwili vya kulala ikiwa mpangaji anajua kupanga kwenda juu. Na cha 10 kwa 20 huingia gari. Chagua kwa hesabu ya vyombo vilivyoandikwa kwenye karatasi, maana mwenye stoo atakuelekeza kwenye chumba kikubwa kuliko haja yako, na chumba kikubwa hakikai kitupu: mtu hukijaza kwa vitu ambavyo angevitoa sadaka kama asingekuwa na mahali pa kuvificha.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na kila familia yapasa iifanye juu ya meza kabla ya kufunga boksi la kwanza. Tuseme kochi na meza yake vilinunuliwa kwa dola 700, na chumba cha kuvihifadhi kinatozwa dola 90 kwa mwezi. Ukishakilipia miezi minane, kodi imekwisha kuipita bei ya vyombo hivyo vilipokuwa vipya, na juu yake bado hujalipa lori la kuvitoa kaskazini. Kochi la namna hiyo liuze au mpe jirani. Vinavyostahili kulipiwa ni vile ambavyo fedha haivirudishi, kama vile sanduku la mninga alilolirithi mama, na vile vichache ambavyo kuvinunua upya ni ghali mno, kama vyombo vya fundi seremala au cherehani za anayeshona kwa riziki.

Wengine huacha vyombo katika stoo ya mji wanaouhama, wakisema watavirudia wakishatulia. Siwashauri. Kuvirudia maana yake ni lori la pili, likizo ya pili na malazi ya njiani, na safari hiyo huahirishwa mwaka hadi mwaka huku kodi ikilipwa. Stoo na iwe katika mji unaouhamia, mahali unapoweza kufika baada ya kazi ukachungulia mali yako. Asiyejua bado atakaa mtaa gani anaweza kukodi kontena la kuhamia: kampuni hulileta mlangoni, mwenyewe ukalipakia kwa wasaa wako, wao wakalichukua wakalihifadhi katika bohari yao mpaka utakapowapa anwani mpya. Gharama yake ni kubwa kuliko stoo ya kawaida, lakini vyombo hupakiwa mara moja na kupakuliwa mara moja.

Jambo ambalo watu wa kaskazini hawalijui, na ambalo aliyezaliwa Lamu au Bagamoyo alilijua zamani akalisahau, ni unyevu. Majira ya joto ya Kusini hubeba maji hewani mchana na usiku. Stoo ya bati isiyo na kipozahewa huwa kama tanuri mwezi wa Julai, na usiku bati linapopoa, hewa ile yenye maji hutua juu ya kila kilichomo kama umande. Hewa ikishinda siku nyingi na unyevu uliopita asilimia 60, kuvu huota juu ya mbao, ngozi, nguo na karatasi. Ukiukunjua mkeka wa ukili uliokaa humo tangu Juni hata Septemba, utaona madoa meusi yameufuata mshono wa shupatu toka ncha hadi ncha, na harufu yake haitoki kwa jua wala kwa limau. Kwa hiyo nguo, vitabu, picha, ala za muziki na samani za mbao ziwekwe katika chumba chenye hewa inayodhibitiwa, ingawa kodi yake ni zaidi. Nawe umuulize mwenye stoo, tena upate jibu kwa maandishi, kama wanadhibiti unyevu au joto peke yake, kwa sababu chumba kinaweza kuwa na ubaridi na bado kikawa na maji.

Upangaji nao una fani yake. Hakikisha hakuna kinachoingia kikiwa na umajimaji: friji iyeyushwe, ifutwe, ikae wazi siku nzima, na ndani ya stoo mlango wake uachwe na upenyo kwa kukunjia kitambaa, mashine ya kufulia imwagwe maji mpaka kwenye mipira yake. Tandika chaga za mbao sakafuni ili boksi lisikalie saruji, na uache nafasi ya shibiri moja kati ya vyombo na ukuta ili hewa ipite. Godoro na kochi vifunikwe kwa shuka la pamba, maana nailoni iliyobanwa hufungia unyevu ndani na kuharakisha uharibifu. Kanga, vitenge na mashuka yafuliwe, yaanikwe yakauke kabisa, kisha yatiwe katika masanduku ya plastiki yenye mifuniko. Mbuzi ya nazi, kinu, sufuria na mablanketi yakae karibu na mlango, kwa kuwa ndivyo vya kwanza kutakiwa. Andika kila boksi ubavuni, usiandike juu, maana juu patafunikwa na boksi jingine.

Mchele, unga, viungo na kila kiliwacho havina ruhusa humo, kwa sababu huita panya na mende katika vyumba vya watu wote; kadhalika petroli, gesi, rangi na baruti. Kulala ndani ya stoo ni marufuku, nami nalitaja hili kwa kuwa dhiki huweza kumshawishi mtu. Pasi za kusafiria, vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, hati za ukimbizi au za ukaazi, vyeti vya shule vya watoto na dhahabu ya mke visitiwe katika stoo wala katika lori. Vikae katika mkoba mmoja, na mkoba huo usafiri magotini mwa mtu mzima.

Sasa nije kwenye mkataba, ambao ndio unaowaliza wengi. Bei iliyotangazwa barabarani aghalabu ni ya miezi ya mwanzo tu. Kodi ikiwa ni ya mwezi kwa mwezi, mwenye stoo anaweza kuipandisha baada ya kutoa taarifa, naye anajua kwamba mtu aliyekwisha kupakua lori hana hamu ya kupakia tena. Uliza ada ya kuandikishwa, ada ya kuchelewa, na bima. Wengi hulazimisha bima, lakini hukubali ile uliyonayo kama inavihusu vyombo vilivyo nje ya nyumba, na bima ya mpangaji wa nyumba mara nyingi huvihusu, ijapokuwa kwa kiwango kilichopunguzwa.

Juu ya hayo kuna sheria. Kila jimbo limempa mwenye stoo haki ya kuvishika vyombo vya mdaiwa mithili ya rehani. Ukichelewa, kwanza huongezewa faini. Kisha namba yako ya kufungulia geti huzimwa, na kufuli la pili hutiwa juu ya lako. Kisha taarifa hutumwa kwenye anwani iliyo katika mkataba. Na muda uliowekwa na sheria ukipita, vyombo hupigwa mnada, siku hizi zaidi kwa njia ya intaneti, na mnunuzi huvichukua pamoja na picha za harusi zilizomo. Hatari hiyo humwandama mtu anayehama kuliko mtu mwingine yeyote, maana ndiye aliyebadilisha anwani, akabadilisha namba ya simu, na pengine akafunga akaunti ya benki ambamo kodi ilikuwa ikikatwa. Barua ya onyo hufika nyumba ya zamani, ikapokewa na mpangaji mpya asiyemjua. Kwa hiyo kila badiliko mpe mwenye stoo taarifa kwa maandishi, ubaki na nakala, na uweke jina la ndugu wa pili wa kuulizwa. Walio jeshini, nao wapo miongoni mwetu katika kambi kama Fort Campbell mpakani mwa Kentucky na Tennessee, wana kinga ya sheria ya shirikisho: vyombo vya askari aliye kazini haviwezi kuuzwa hivyo pasipo amri ya mahakama.

Kuhusu wachukuzi nitasema machache. Kampuni inayovusha vyombo toka jimbo hadi jimbo ni sharti iandikishwe na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani na iwe na namba yake, unayoweza kuihakiki kwa intaneti kabla ya kutoa senti moja. Makadirio yakiwa si ya kufunga, hawana haki ya kukudai wakati wa kukabidhi mzigo zaidi ya asilimia 110 ya kiasi walichokadiria. Salio lolote hudaiwa baadaye. Dhamana ile wanayoitoa bure ni senti 60 kwa kila ratili, yaani televisheni ya ratili 40 ikivunjika utalipwa dola 24 tu. Anayetaka fidia ya thamani kamili hana budi kuilipia. Atakayejiendeshea lori la kukodi ajue kuwa bei hubadilika kwa mwelekeo wa safari, na kwamba siku za katikati ya wiki na katikati ya mwezi huwa nafuu kuliko mwisho wa mwezi, ambapo kila mtu anahama.

Mji wenyewe utakudai mambo ambayo mji mkubwa haukukudai. La kwanza ni gari. Mabasi ni machache, mengine hayaendi usiku wala Jumapili, na familia yenye watu wawili wafanyao kazi za zamu huhitaji magari mawili, gharama inayoweza kula nusu ya faida iliyotarajiwa kwenye kodi ya nyumba. La pili ni ushuru, ambao hutofautiana mpakani kwa namna ya kushangaza: Tennessee haitozi kodi ya mapato juu ya mshahara, lakini hutoza chakula kinachonunuliwa dukani, Kentucky hutoza mshahara, na chakula cha kupikwa nyumbani hukiacha. Mwenye watoto wengi na mshahara mdogo, na kijana asiye na mke, hawatafikia uamuzi mmoja, kwa hiyo kila mtu apige hesabu yake. Hata saa hubadilika: Louisville iko mbele ya Bowling Green kwa saa moja, na aliyeitwa huko kwenye usaili asipolijua hilo atafika amechelewa.

Mbingu na ardhi nazo zina tabia zao. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 2021 kisulisuli kikali, kile ambacho wenyeji hukiita tornado, kiliupitia mji wa Bowling Green, kikaua watu na kubomoa mitaa. Miaka saba na kitu kabla yake, tarehe 12 Februari 2014, ardhi ilibonyea chini ya jumba la makumbusho ya Corvette ikameza magari 8, kwani nchi hiyo imekaa juu ya mawe ya chokaa yaliyojaa mapango. Ndiyo maana nikasema ukae mwaka kabla ya kununua. Katika mwaka huo utajua ni mtaa gani maji husimama mvua ikinyesha, ni nyumba gani ina mahali pa kujificha king'ora kikilia, na majirani watakuambia yale ambayo dalali wa nyumba hakuyasema. Jua pia kuwa bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko; ya mafuriko hununuliwa mbali.

Kuhusu watu, Mswahili mwenye adabu za kwao ana mtaji mkubwa huko. Kusini bado mtoto hufunzwa kumwitikia mkubwa kwa neno la heshima, watu wasiojuana husalimiana njiani, na jirani huweza kukuletea chakula wiki ya kwanza ili ajue u nani. Pokea, shukuru, na urudishe chombo kikiwa na kitu ndani, kama tufanyavyo kwetu. Makanisa ndiyo yanayoshikilia maisha ya jamii, hata Jumatano jioni. Mwislamu atafute mapema msikiti na duka la nyama halali, ambavyo Bowling Green vipo kwa jitihada ya Wabosnia waliotangulia, na ambavyo katika mji wa watu elfu tano huenda visiwepo kwa mwendo wa saa nzima. Si haki kumficha mtu kwamba ubaguzi uliowafukuza wale milioni 6 haujafutika wote, na mji mmoja hupishana na mwingine kwa umbali wa maili 20 tu. Kwa hiyo nenda kautazame kwanza, ukae walau siku mbili tatu, uzungumze na mwenzetu anayesomesha watoto hapo, na umuulize kwa faragha.

Ukishafika, muda wa sheria huanza kukuhesabia. Asiye raia, hata mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, analazimika kuiarifu Idara ya Uraia na Uhamiaji anwani yake mpya ndani ya siku 10, kwa fomu ya AR-11, ambayo hujazwa kwa intaneti bila ada. Kuiarifu posta peke yake hakutoshi, na wengi wamekosa barua za miadi kwa kudhani kunatosha. Kentucky humpa mgeni siku 30 za kubadili leseni ya udereva na siku 15 za kuandikisha gari. Shule ya watoto hutaka vyeti vya chanjo na ushahidi wa makazi, basi navyo viwe katika ule mkoba wa magotini.

Mwezi wa tisa tangu ufike, kaeni wawili, mke na mume, au wewe na nduguyo, mkautazame mji kwa macho ya mwenyeji. Ukiwa umekufaa, anza kutafuta nyumba ya kudumu. Ukiwa haukukufaa, kuondoka kwako kutakuwa kwepesi kwa kuwa vyombo ni vichache na hukujifunga kwa deni la nyumba. Kwa vyovyote stoo ifungwe mwaka usijapita. Mpe mwenyewe taarifa ya maandishi kwa siku zilizotajwa katika mkataba, kabla mwezi mpya haujaingia, maana wengi hawarudishi kodi ya siku zilizobaki. Toa kila kilichomo, fagia, piga picha ya chumba kitupu, uondoe kufuli lako, ambalo likibaki mlangoni kodi huendelea kuhesabiwa, na usitoke getini bila ya stakabadhi inayoonyesha kuwa hesabu yako imefungwa na hudaiwi.